Kabla Hujanunua Sponji

Nateete, mtaa wa Kampala, hailali. Barabara ya Masaka inaikata katikati na malori yake ya Mbarara, Rwanda na Kongo. Taksi zinapigiwa debe tangu alfajiri, fundi wa madirisha anawasha grainda mtoto ndiyo kwanza amesinzia, na usiku wa Ijumaa kuna mkesha upande huu na baa upande ule. Wala si mambo ya jana. Alexander Mackay, fundi Mskoti wa misheni ya Kianglikana ya CMS aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa na karakana yake papa hapa Nateete, akifua chuma na kupiga chapa, na sidhani majirani zake walilala mchana. Anayetaka kimya cha kaburini ahamie kijijini. Ushauri huu ni kwa anayebaki: mpangaji wa muzigo (chumba cha kupanga), mwenye nyumba ya mabati, na fundi ambaye majirani wameanza kumkunjia uso.

Watu wengi wakichoshwa na kelele hukimbilia dukani. Wananunua sponji, wanaokota trei za mayai, wanashona pazia zito, wanabandika na kutundika, na kelele inabaki pale pale. Hawakuuliza kwanza inaingiaje. Zipo njia tatu, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kelele inaweza kupita hewani, kupitia dirisha, mlango na matundu ya juu ya dirisha. Inaweza kusafiri ndani ya jengo lenyewe: mashine inatikisa sakafu, sakafu inatikisa ukuta, ukuta unatikisa hewa ya chumbani mwako. Au kuna kitu kwako kinacholia chenyewe kikiguswa, kama bati likinyeshewa. Ya hewani huzibwa. Ya jengo hutenganishwa na chanzo chake. Ya kitu kinacholia humezwa, maana yake ile nguvu ya mtetemo inageuzwa kuwa joto dogo mno ambalo hata mkono hauwezi kulihisi.

Kutambua ni ipi hakuhitaji chombo. Subiri kelele ianze, funga dirisha kisha ulifungue. Ikipungua sana ulipofunga, ni ya hewani. Isipobadilika, weka ncha za vidole ukutani, au weka kikombe cha maji sakafuni na uyatazame. Ukuta ukitetema au maji yakifanya viduara, imekuja na jengo. Kama kuna sufuria, kioo au bati linaloitikia kila lori likipita, lishike kwa kiganja. Likinyamaza, hilo ndilo linalolia.

Hiyo ya kumeza ndiyo isiyoeleweka na wengi, ingawa kila anayepanda boda boda ameikalia. Springi peke yake haitulizi kitu. Pikipiki ikiingia shimoni, springi hujikunja, hurudi, hujikunja tena, na ingeendelea kurukaruka hadi Busega. Kinachoikatisha ni shokapu. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, mafuta yanapita kwa shida na kupata joto, na mtikisiko unaishia humo. Springi hubeba uzito, shokapu humeza mtikisiko, na hakuna inayoweza kufanya kazi ya mwenzake. Kwa hiyo fundi anayekukazia springi ili “pikipiki iwe ngumu” hajakutengenezea shokapu. Jaribu mwenyewe: simamisha pikipiki, ikandamize kwa nguvu upande wa mbele, kisha uachie. Ikipanda na kutulia, ni nzima. Ikicheza mara tatu au nne, imekufa. Mafuta yakionekana kwenye bomba la mbele, sili imekwisha. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo pikipiki itavuta upande mmoja. Na usiseme utavumilia: gurudumu linalorukaruka haliishiki barabara, na lisiloishika barabara halifungi breki.

Sasa turudi nyumbani, tuanze juu.

Mvua ya Kampala juu ya mabati huzima mazungumzo, redio na usingizi. Bati ni jembamba, limeshikwa sehemu chache tu kwenye mbao, na lililobaki linaning'inia huru kama ngozi ya ngoma. Namba za geji huwachanganya wanunuzi, maana zinakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Ukijenga upya, nunua nene uwezavyo. Mabati yaliyopakwa chenga za mawe hulia kidogo zaidi kwa sababu zile chenga na gundi yake humeza mtetemo, lakini bei yake si ya kila mtu.

Kama bati limeshapanda, usianze kununua chochote kabla hujapanda na nyundo. Misumari iliyolegea huacha bati lipige mbao, na hiyo ni kelele juu ya kelele. Weka misumari ya mabati yenye raba chini ya kofia, na ile raba iliyopasuka kwa jua uibadilishe. Kazi ya asubuhi moja, na tofauti utaisikia upepo wa kwanza ukivuma.

Kisha ndiyo kubandika. Duka la vifaa vya ujenzi lina utepe mpana wa lami wenye karatasi ya alumini juu, ule wa kuzibia paa linalovuja. Ukibandikwa upande wa chini wa bati hufanya kazi ya pili: bati likitaka kutetema, lami inanyumbulika pamoja nalo na kuimeza nguvu. Mafundi wa redio za magari hubandika kitu cha namna hiyo ndani ya milango. Huna haja ya kufunika bati lote. Kipande kikiwekwa katikati ya mbao na mbao, bati linapocheza zaidi, hufanya kazi kubwa kuliko kipande kikubwa mara mbili kilichowekwa pembeni juu ya mbao, ambako bati halichezi. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Bati tupu litavuta sauti ndefu, lililobandikwa litajibu “du” na kunyamaza. Safisha vumbi na kutu kwanza, ubandike wakati wa jua bati likiwa na joto kiasi, na ukandamize kwa nguvu, maana lami iliyobandikwa juu ya vumbi itakudondokea kitandani. Usibandike juu ya sigiri wala jiko la kuni. Lami inashika moto.

Dari nalo lina kazi yake. Mkeka wa mafunjo unapendeza na unapunguza joto, ila sauti inapita kwenye vitundu vyake kama maji kwenye chungio. Bodi ya jipsamu ni nzito zaidi, na uzito ndio unaozuia sauti ya hewani: ukiuzidisha mara mbili unapata desibeli 5 au 6 za ziada, si zaidi. Ziba kingo zote.

Lakini kwa mwenye muzigo, ushauri ninaouamini kuliko wote hapa hauhusu bati. Panda juu ya meza uchungulie mahali ukuta wako na wa jirani unapokutana na paa. Katika nyumba nyingi za kupangisha ukuta huo haufiki kwenye bati. Mjenzi alisimama usawa wa dari, au hata chini yake, na kuacha uwazi unaopita vyumba vyote kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Ndiyo maana unajua jirani amegombana na nani. Unaweza kuuvisha ukuta mazulia kuanzia chini hadi juu, na kila neno litaendelea kukujia kutoka juu. Mwombe mwenye nyumba aongeze matofali machache hadi paani na kujaza chokaa kwenye mikunjo ya bati. Akisita, mwambie pia kwamba moto ukitokea chumba kimoja, uwazi ule ndio unaoupeleka chumba cha pili. Wenye nyumba huelewa haraka habari ya moto.

Na matundu mengine? Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hautaweza kupunguza zaidi ya desibeli 20 hata ukiwa wa zege. Kwa hiyo plasta pande zote mbili za tofali, raba chini ya mlango, na silikoni kuzunguka fremu ya dirisha zinashinda vitu vingi vya bei mbaya. Tundu la hewa juu ya dirisha msilizibe, hasa mnaolala watano chumba kimoja. Lifanyieni sanduku la mbao lenye kona mbili, lenye kitambaa kizito au sufi ndani na wavu wa mbu mwishoni. Hewa itapita konani, na sehemu kubwa ya sauti kali itapotelea humo.

Sasa mashine. Mwenye kinu cha kusaga mahindi, jenereta au hata cherehani ya umeme juu ya ghorofa, jirani yako analalamika mtetemo kuliko sauti, ingawa hajui kuutaja. Bonde la Nateete kuelekea mfereji wa Nalukolongo lina udongo laini, na udongo wa namna hiyo hutetema zaidi kuliko mwamba. Anza na mashine yenyewe. Mkanda uliochakaa, puli iliyopinda, bolti moja iliyolegea, beringi inayolia: hivyo vyote ni kelele unayolipia umeme. Ukimaliza hapo, itenganishe na sakafu.

Raba ya tairi kuukuu inatosha, na wanaokata tairi kutengeneza ndala za lugabire watakuuzia vipande. Shida ni kwamba watu huweka raba kisha wanaikaza mashine kwa bolti ndefu iliyopita katikati ya raba hadi kwenye zege. Hapo hujatenganisha kitu, maana mtetemo unateremka na bolti. Tanua tundu la bolti, livishe bomba la raba, weka washa ya raba chini ya nati, na ukaze kiasi cha kushika tu. Raba ikibonyea kidogo chini ya uzito wa mashine, iko sawa. Isipobonyea hata kidogo, ni ngumu mno na haisaidii. Na kuna mtego mwingine. Kila mashine iliyokaa juu ya raba ina mwendo wake wa asili wa kuyumba. Kama mzunguko wa mota unakaribiana na mwendo huo, mtikisiko unakua badala ya kupungua. Mota nyingi za kinu huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, na kwa hizo raba ya kawaida hufanya kazi vizuri. Injini ya dizeli inayozunguka polepole ndiyo inayoweza kurukaruka juu ya raba laini. Ikikufanyia hivyo, ongeza uzito: ifunge kwanza kwenye bamba nene la zege, kisha weka raba chini ya bamba.

Fundi wa chuma, nawe una lako. Kelele kubwa unapokata bati la mlango haitoki kwenye diski peke yake. Lile bati zima linalia. Lilaze juu ya mkeka wa raba na uweke mfuko wa mchanga juu yake karibu na unapokata. Mchanga unameza mtetemo, na masikio yako yatakuwa ya kwanza kushukuru. Kiwango kinachotumiwa sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Grainda hupita hapo bila jasho. Pamba masikioni haisaidii kitu cha maana, nunua vizibo vya sponji au vile vya kufunika sikio zima. Nimewasikia vijana wakisema wamezoea. Sikio halizoei. Linakufa taratibu.

Jenereta nina neno moja tu la ziada nalo. Usilifungie. Wapo wanaolijengea kibanda kisicho na tundu, au kuliingiza kwenye korido ili jirani alale. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua watu waliolala. Liache nje, mbali na madirisha yote. Penye nafasi, umbali ukiongezwa mara mbili hupunguza kama desibeli 6, na hilo ni bure kabisa.

Sasa turudi kwenye sponji. Sponji na trei za mayai hupunguza mwangwi ndani ya chumba. Anayerekodi sauti, darasa linalovuma, kanisa ambalo mahubiri hayasikiki vizuri: hao wana sababu ya kuweka vitu laini ukutani, ingawa hata kwao mazulia na mapazia mazito ya mtumba kutoka soko la Owino ni bora kuliko trei. Kuzuia kelele ya nje isiingie, au yako isitoke, sponji haiwezi, kwa sababu haina uzito. Besi ya baa ya jirani itapita humo kama vile haipo.

Na sponji inaua. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station huko West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani na watu 100 wakafa. Ile sponji ilikuwa imebandikwa baada ya jirani kulalamikia kelele. Miaka kumi baadaye, tarehe 27 Januari 2013, yaleyale yakatokea kwenye klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, na vifo vikafika 242, wengi wao kwa moshi wenye sumu kabla moto haujawafikia. Sponji ya godoro ni ya ukoo huohuo. Kwenye chumba chenye sigiri, mshumaa na waya za umeme zilizoungwa kwa kavera (mfuko wa plastiki), kuibandika ukutani na darini ni kujijengea tanuri. Mwenye studio ndogo au baa ambaye tayari ameibandika, ningemshauri aibandue kabla hajamaliza kusoma.

Limebaki la spika. Hapa ufundi unasaidia, ingawa unahitaji na ulimi. Spika iliyowekwa sakafuni au kuegemezwa ukutani hutikisa jengo, hivyo iinue na uiwekee raba chini. Zile pembe kubwa zilizotazama barabara zigeuzwe zitazame waumini na ziinamishwe chini. Spika ndogo nne zilizosambazwa karibu na watu hufanya neno lieleweke kwa sauti ndogo kuliko pembe moja inayopigia mtaa mzima. Usiku punguza besi kwanza, maana sauti nyembamba huishia ukutani lakini besi hupita. Wenye baa, wachungaji na wa msikitini wote wanaweza kuyafanya haya bila kufunga shughuli.

Kabla hujagombana, fahamu pia jinsi kelele zinavyojumlishwa. Grainda mbili zinazofanana zina desibeli 3 tu zaidi ya moja, na ili sikio lihisi kelele imeongezeka maradufu zinatakiwa kama kumi. Kinyume chake pia ni kweli: ukimnyamazisha mmoja kati ya wawili, utasikia nafuu ndogo sana. Mtafute mwenye kelele kubwa kuliko wote na uanze naye. Waliobaki hawahesabiki mpaka yeye apungue.

Kanuni za Uganda za viwango vya kelele za mwaka 2003 zilitenganisha mitaa kwa aina. Penye makazi peke yake, kiwango kilikuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Penye makazi pamoja na biashara na burudani kilikuwa 55 na 45. Penye makazi, biashara na viwanda vidogo kilikuwa 60 na 50. Mchana ulihesabiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Sehemu kubwa ya Nateete inaangukia mafungu mawili ya mwisho, kwa hiyo usiende kudai kimya cha mlimani Kololo. Programu ya kupimia kwenye simu itakupa makadirio, si ushahidi wa kitaalamu, ila inatosha kuonyesha kwamba saa saba usiku kulikuwa na 70 chumbani mwako.

Nenda kwanza kwa mwenye kelele, mchana, akiwa hana wateja. “Ssebo, habari za kazi. Mimi ni jirani yako wa nyuma hapa. Mashine yako inatikisa kitanda cha mama, na nimekuletea vipande vya tairi tujaribu chini yake.” Aliyeletewa raba hukasirika kidogo kuliko aliyeletewa polisi, na wengi hawajui kabisa kwamba mtetemo wao unafika mbali hivyo. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa (LC1) pamoja na majirani wawili watatu, na daftari lenye tarehe, saa ya kuanza, saa ya kukoma na ulichokisikia. Hapo pasipomalizika ndipo uende mamlaka ya jiji, KCCA, au ya mazingira, NEMA, ukiwa na barua ya mwenyekiti na nakala ya daftari hilo.